Kompyuta Iliyojengwa kwa Sauti

Saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijafika juu ya paa la mabati, Mama Kurasa ameketi kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, na mkononi ana kisu kisicho na makali. Anavuta jarida kutoka kwenye rundo, analilaza kifudifudi, anapenyeza ncha ya kisu chini ya pini za mgongoni na kuzing'oa. Pini zinalia ndani ya kopo. Jalada analitupa kulia, kurasa kushoto. Muda mfupi uliopita lilikuwa jarida. Sasa ni karatasi tu.

"Watu huniuliza kwa nini sikinoi," anasema bila kuinua macho. "Kikinolewa kitakata kurasa. Mimi nataka king'oe pini, basi. Chuma kikienda kiwandani kinavunja meno ya mashine, halafu lawama zinarudi huku kwetu."

Hili ni ghala la karatasi chakavu, na kazi hapa ni kuchambua: nyeupe na nyeupe, magazeti na magazeti, zinazong'aa na zinazong'aa, maboksi peke yake. Wanawake huketi kutwa wakiwa wamejifunga vitambaa puani, vumbi la karatasi likiwapaka unga kwenye nyusi. Jina la Mama Kurasa alipewa na wenzake, kwa sababu hawezi kutupa ukurasa kabla ya kuuchungulia.

"Sisi tunachambua kwa mikono, yeye anachambua kwa macho," anasema msimamizi wao, mwanamke wa kicheko kikubwa ambaye kila mtu humwita Bi Mizani. "Nimemwonya mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Ujira hulipwa kwa kilo. Siku njema Mama Kurasa hufikisha kilo tisini. Siku akikutana na hadithi tamu, hazifiki sitini. Tofauti hiyo ni ya unga na sabuni, na anaijua vizuri kuliko mtu yeyote wa kumhubiria.

Lakini ghala hili lina desturi yake. Mfanyakazi akipenda kitu cha kusoma, ruksa kwenda nacho nyumbani, mradi kesho yake alete karatasi nyingine za uzito uleule. Ndiyo maana asubuhi utawaona akina mama wakiingia kazini na maboksi ya dawa ya meno na mifuko mitupu ya saruji, kama watu wanaohama.

"Mizani haijui kusoma," anaeleza Bi Mizani. "Wewe niletee kilo yangu, habari zako chukua."

Kwa desturi hiyo, majarida ya kujenga kompyuta yaliingia nyumbani kwa Mama Kurasa, nyumba ambamo kompyuta ilikuwa adui anayejulikana.

Mumewe mtaa mzima humwita Mzee Taipu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitengeneza taipureta kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, kile chenye dirisha la barabarani. Maofisi yalimjua, mahakama ilimjua, vyuo vya uhazili vilimjua. Ukimpelekea mashine iliyokwama, aliibonyeza mara mbili tatu, akaisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kisha akakutajia ugonjwa wake kabla hajagusa bisibisi.

Halafu kompyuta zikaja. Taipureta zikatupwa stoo, wateja wakakatika mmoja mmoja, mpaka akabaki karani mmoja mzee aliyekuja kila mwezi. Mama Kurasa anaamini kwamba hata huyo alikuja kwa huruma.

"Mume wangu hakulitamka kabisa jina lake," anasimulia. "Kompyuta aliiita 'kile kitu.' Kile kitu kimeleta hili, kile kitu kimeharibu lile. Ungesikia ungedhani anamsema jirani aliyemwibia kuku."

Mwaka juzi, asubuhi moja akinyoa ndevu, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Akili ilibaki palepale: alimjua kila aliyeingia, alicheka panapochekesha, alikunja uso panapoudhi. Ila akitaka kusema "maji," mdomo ulifunguka na neno halikuja. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wa Mzee Taipu ulikuwa kama umefungwa plasta.

Mama Kurasa alizoea mengi. Alizoea kumvisha shati, kumkatia nyama, kumsemea mbele za watu. Ambalo hakulizoea ni simu ya Jumapili.

Mtoto wao ni mmoja tu, binti aliyeolewa mji wa mbali. Baba yake alipougua yeye alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alimkataza safari. Kila Jumapili alasiri hupiga simu. Na kila Jumapili, simu ikimfikia mkononi, Mzee Taipu alitikisa kichwa na kugeukia ukuta. Hakutaka mwanawe amsikie akigugumiza kama mtoto anayeanza kunena.

"Binti akaanza kuniuliza, 'Mama, baba amenikasirikia kwa sababu sikuja?' Namwambia hapana. Ananiambia, 'Basi mpe simu.' Nampa, hataki. Akauliza tena, akauliza tena, mwisho akaacha kuuliza." Mama Kurasa anafuta vumbi usoni kwa mgongo wa mkono. "Hapo ndipo nilipoumia. Afadhali angeendelea kuuliza."

Tangu siku hiyo alichokuwa akikitaka duniani kilikuwa hicho kimoja: mumewe aongee na mtoto wao, hata kama ni kumwambia hujambo.

Hospitalini kuna mwalimu wa matamshi, dada mmoja mpole anayeongea polepole. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba mzee akisoma kwa sauti kila siku atasaidika. Neno lililoandikwa, alisema, humshika mtu mkono; hana haja ya kulitafuta gizani. Asome chochote apendacho. Akawapa kitabu cha watoto cha kuku na vifaranga vyake, herufi kubwa na picha za rangi.

Mzee Taipu alikitazama kile kitabu, akakifunga taratibu, akakikalia.

"Alikikalia!" Mama Kurasa anacheka mpaka anashika mbavu. "Wiki nzima. Wageni wakija wanamsalimia mzee, shikamoo, pole na ugonjwa, na yeye amewakalia vifaranga."

Magazeti pia aliyakataa. Aliyasukuma kwa kiwiko mpaka yakaanguka. Mtu aliyetengeneza mashine zilizoandika barua za wakubwa aliona aibu kusoma "leo mvua itanyesha" kwa kukata silabi.

Ndipo katoni za chuo kimoja kilichokuwa kikihama majengo zikaingia ghalani. Ndani yake mlikuwa na majarida ya zamani ya wapenda kompyuta, yaliyoitwa Fundi wa Kisasa, yanayomfundisha mtu wa kawaida kujijengea mashine yake mezani kwake. Mama Kurasa alikuwa ameshang'oa pini za majarida kadhaa pale ukurasa mmoja ulipomsimamisha mkono. Ulikuwa na picha ya meza, na juu ya meza bisibisi ndogo zimepangwa kwa urefu, kibano, na brashi ya kufutia vumbi. Ilikuwa meza ya mumewe, mtu angeapa.

"Nikasema, maneno atayachukia, lakini picha ataipenda."

Akazikusanya kurasa zilizokuwa zimetawanyika, akazipanga kwa namba zake, akazishona mgongoni kwa uzi wa gunia. Kesho yake alimletea Bi Mizani maboksi ya sabuni ya uzito uleule, na zaidi kidogo kwa ajili ya heshima.

Nyumbani aliliweka jarida mezani, akaenda jikoni kukata vitunguu. Anamjua mtu wake. Ukimwambia tazama, hatazami. Ukiweka kitu na kuondoka, hachelewi.

Kwanza alisikia kurasa zikifunguliwa. Kisha mtu anakohoa. Kisha sauti, yenye kutu, ikitoka kipande kipande: "Jenga... kom... kompyuta... yako... mwenyewe."

Halafu, kwa dharau iliyo wazi: "Takataka."

"Kisu kilisimama juu ya kitunguu," Mama Kurasa anasema. "Sikugeuka. Ningegeuka angenyamaza. Nililia pale pale nilipo, na kitunguu kikanifichia siri."

Tangu siku hiyo, kila alasiri Mama Kurasa akirudi kutoka kazini, mume alisoma safu moja dirishani na mke akachambua mboga. Alisoma kwa chuki, kama wakili anayesoma ushahidi wa upande wa pili. Aliposhindwa na neno alilirudia mpaka likamtii, na likishamtii alilitazama kwa jicho baya. Mke hakusifu, hakusahihisha. Alisema tu "ehe," kama mtu anayesikiliza umbea.

Lakini fundi ni fundi, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Polepole matusi yakapungua. Akaanza kurudia sehemu nyingine bila kuombwa. Aligundua kwamba kile kitu kina feni, kina kasha, kina skrubu. Kwamba kila kipande kina mahali pake na kila mahali pana sababu yake. Alikuwa amechukia uchawi, kumbe ni vyuma.

Siku moja aliweka kidole juu ya picha ya skrubu, akamtazama mkewe. Kwa mkono wa kushoto akavuta droo yake ya vyombo, iliyokuwa haijafunguliwa tangu augue.

"Tu... tujenge," akasema.

"Nikamuuliza, mzee wangu, tujenge kile kitu? Akaniambia, 'Kile kitu.' Akacheka. Kicheko hicho nilidhani nimeshakizika."

Mtaji ulitoka kwenye taipureta mbili za mwisho zilizokuwa chini ya meza. Zilinunuliwa na mwenye hoteli aliyetaka pambo la kuwekwa mapokezi. Hadithi hii Mzee Taipu hupenda kuisimulia mwenyewe, macho yakitangulia kucheka kabla ya maneno. "Zime... zimepata kazi," anasema. "Mapokezi."

Vipande walivinunua kwa muuza spea wa mtaa wa pili, kijana anayefungua kompyuta zilizokufa na kuuza viungo vyake. Mama Kurasa alimfunulia ukurasa, naye akampa kilichoandikwa. Leo pawa saplai, kisanduku cha kuipa mashine umeme, wiki ijayo ubao mama, ile bodi pana ambayo vipande vyote hukutana juu yake. Kasha lilipatikana likiwa na tundu upande mmoja, wakaliziba kwa kipande cha bati.

Kazi waligawana. Kichwa kilikuwa cha mume, mikono ya mke. Yeye alisoma hatua moja kwa sauti, mke akaitenda, kisha kidole chake cha kushoto kikapita juu ya kila skrubu kukagua. Na pale mezani palirudi ile sheria yake ya zamani iliyowafukuzisha wengi waliokuja kujifunza ufundi kwake: chuma hakilazimishwi. Kama hakiingii, hapo si mahali pake.

"Kuniongoza alikuwa ananigongea meza," anasema Mama Kurasa. "Mara moja, sawa. Mara mbili, acha. Mara nyingi, ondoka hapa kabla sijakurudisha kwenu."

Walipokaribia mwisho, mzee akawa na jambo. Kila akifungua jarida aligonga ukurasa, akageuza, akagonga mwingine, akatikisa kichwa. "Si... si..." alisema, na neno likagoma. Mke akadhani miwani imechafuka, akaifuta. Akadhani mwanga hautoshi. Akasogeza meza karibu na dirisha. Mwisho akampeleka kupimwa macho, wakapanga foleni asubuhi nzima, na daktari akasema macho ya mzee hayana neno. Mzee alirudi nyumbani amenuna.

Kisha ikaja siku ya prosesa. Hicho ni kijibati cha ukubwa wa biskuti, chenye vijiti vingi vyembamba chini yake, na ndicho ubongo wa mashine. Mzee akasoma, kwa shida kuliko kawaida: "Weka pro... prosesa... mahali pake. Itazama... yenyewe... bila kusukumwa."

Mama Kurasa akaiweka. Haikuzama. Akaigeuza upande mwingine, haikuzama. Alikuwa ametoka kazini amechoka, mgongo unamuuma, na moyoni alitaka mashine iwake kabla ya Jumapili, kwa sababu alikuwa amejiambia kwamba ikiwaka, mume atapata nguvu ya kushika simu. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kitu kikalia, kidogo tu, kama njiti ya kiberiti.

Mzee Taipu akaipiga meza mpaka bisibisi zikaruka.

"Mwanamke wewe, umechanganya majarida mawili! Tazama herufi! Hizi zina miguu, hizi hazina! Prosesa hii si ya bodi hii!"

Na ilikuwa kweli. Mazoea yana tabu yake: mkono wa Mama Kurasa ulikuwa umeng'oa pini za majarida mawili yaliyofuatana, kurasa zikaangukia rundo moja, naye akazipanga kwa namba. Namba zilifuatana vizuri bila pengo, kwa kuwa toleo la pili liliendeleza hesabu ya kurasa pale la kwanza lilipoishia. Lakini katikati, jarida lilikuwa limehama kutoka mashine moja kwenda nyingine, na wao wakanunua ubao wa ile na ubongo wa hii. Toleo moja lilichapwa kwa herufi zenye miguu midogo chini, jingine kwa herufi tupu. Mtu mwingine asingeona. Mtu aliyeishi na herufi miaka thelathini aliona mara tu alipozifikia kurasa hizo, ila hakuwa na neno la kumwambia mkewe.

"Nani mwingine angeharibikiwa hivyo?" anauliza Mama Kurasa. "Watu husoma jarida na pini zake. Mimi hata madaftari ya shule ya mwanangu niliwahi kuyang'oa pini bila kujua, mwalimu akaniita."

Lakini siku ile hakusikia habari ya herufi wala ya bodi. Alikaa chini, kwenye sakafu.

"Nikamwambia, 'Rudia.' Akasema, 'Nirudie nini? Umeshaharibu!' Nikasema, 'Rudia tu, mume wangu.' Akasema, 'Huyu mwanamke ana wazimu.'" Anahesabu kwa vidole. "Huyu. Mwanamke. Ana. Wazimu. Hayakuandikwa popote! Yametoka kichwani mwake mwenyewe!"

Jirani aliyesikia kelele alikuja mbio na kugonga mlango. Alimkuta mume anafoka na mke ameketi chini, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mnagombana?" jirani akauliza.

"Ndiyo," Mama Kurasa akamjibu. "Tunagombana, Mungu ashukuriwe."

Vijiti vya prosesa vilikuwa vimepinda vitatu. Mzee alimwonyesha namna ya kuvinyoosha, ile ile aliyotumia kunyooshea mikono ya herufi za taipureta: kidogo, pumzika, kidogo tena. Mama Kurasa alitumia kisu chake cha kazini. Muuza spea alilalamika, akakubali kubadilisha ubao, na siku chache baadaye feni ikazunguka na skrini ikatoa mwanga. Walikaa wakaitazama kama watu waliopata mgeni na hawajui wampe nini.

Jumapili ikafika. Simu ikalia. Mama Kurasa akamsogezea mumewe kwa mikono miwili, kwa matumaini yote aliyokuwa nayo.

Mzee Taipu akageukia ukuta.

"Nilimkasirikia, sitaficha," anasema. "Nikamwambia, kunigombeza mimi unaweza, mtoto wako kumsalimia huwezi? Nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi."

Mwalimu wa matamshi ndiye aliyempoza. Alimweleza kwamba hasira ina njia yake, hupitia dirishani. Maneno unayoyaita mwenyewe hupita mlangoni, na mlango wa mzee bado ni mzito. Hakukataa, ameogopa. Akashauri jambo dogo: mzee asome hatua moja, kisha afunge jarida na kumweleza mkewe hatua hiyo kwa maneno yake mwenyewe, vyovyote vitakavyotoka.

Mama Kurasa alirudi nyumbani akamwomba mumewe radhi. Naye akamwekea mkono juu ya mkono, akasema, "Tusome."

Tatizo likawa moja. Mashine ilikuwa imekwisha, na jarida nalo limekwisha. Wakae wasome nini? Mzee alifikiri kidogo, kisha akachukua bisibisi na kumkabidhi mkewe. Wakaifungua kompyuta yote, skrubu kwa skrubu, wakarudi ukurasa wa kwanza.

Tangu hapo wameijenga mara nyingi. Mwandishi wa makala haya, aliyewafuata nyumbani siku chache baada ya asubuhi ile ya ghalani, anapouliza kompyuta hiyo wanaitumia kufanyia nini hasa, wanatazamana kama watoto waliokutwa jikoni.

"Tunaifunga," anasema mke.

"Na ku... kuifungua," anasema mume.

Leo, kwa mfano, wako kwenye feni. Mzee anasoma mistari miwili, anafunga jarida, anafumba macho. Maneno yanakuja kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa mawe: "Chukua... ile ya kuzunguka. Waya wake... hapana, siyo huo. Ule mfupi. Uchomeke... pale karibu na... karibu na ubongo." Mama Kurasa anauchomeka. Meza inagongwa mara moja.

Mwezi huu wote, akiulizwa lini ataongea na binti yake, mzee husema "Jumapili." Jumapili ikifika husema "ijayo." Mkewe hamsukumi tena. Amejifunza kwamba mume naye, kama chuma, halazimishwi.

Mwisho wa mwaka binti yao anakuja, na mtoto. Mjukuu sasa anatembea na kila kilicho mezani anakivuta. Majirani wamemshauri Mama Kurasa afunge vyombo kabatini mapema. Yeye ana mpango tofauti, na anautaja akiwa amechangamka usoni.

"Nitaiacha wazi hapa hapa, na skrubu zote kwenye kisahani. Nataka mjukuu wangu aje azimwage. Babu amgombeze, kwa ukali wake wote, mtoto aijue sauti ya babu yake. Halafu tutaziokota wote watatu. Sina haraka na kingine."

Anapomaliza kusema hivyo simu inalia. Ni Jumapili, alasiri. Mama Kurasa anapokea, anauliza hali ya mkwe, homa ya mtoto, meno ya mtoto. Kwa mazoea, bila kumtazama mumewe, anaiweka simu mezani, sauti ikiwa imefunguliwa, na kunyoosha mkono kuchukua sufuria.

Mkono wa kushoto wa Mzee Taipu unatambaa juu ya meza, unapita bisibisi, unapita feni, unaishika simu na kuivuta karibu.

Mama Kurasa anasimama na sufuria yake.

"Mama?" binti anaita. "Mama, uko wapi?"

Mdomo wa mzee unafunguka. Hakuna kitu. Unafumbika, unafunguka tena. Jasho limemtoka kwenye paji la uso. Mkewe ameuma mdomo wa chini. Neno analijua, lipo pale kwenye ncha ya ulimi wake, na kwa makusudi halisemi.

"Naona mtandao mbaya, mama. Basi nitapiga baa..."

"Usi..."

Simu haikatiki.

"Usikate," anasema Mzee Taipu. "Mwa... mwanangu. Usikate. Natafuta... neno."

Inasikika pumzi ndefu, kisha kiti kikivutwa, kama mtu anayetaka kukaa.

"Tafuta, baba," binti anasema. "Nipo."